Kutu inarudi palepale: nifanye nini na Probox ya samaki?

*"Fundi, assalaam alaykum. Nina Toyota Probox ya mwaka 2006, ndiyo kazi yangu. Alfajiri nakwenda Gazi, siku nyingine Shimoni, napakia samaki na barafu, navuka feri ya Likoni nawahi kuuza Kongowea. Mwaka juzi rangi ilifura juu ya tairi la nyuma kushoto. Nikampa fundi, akatia fila ya kujazia mashimo, akapiga rangi, gari likang'aa. Sasa pamefura tena palepale, na safari hii mpaka chini ya mlango wa nyuma. Fundi mwengine alipodunga bisibisi hapo ikazama. Naye pia ataka kutia fila, asema ni kazi ya siku mbili tu. Jirani aniambia nipake oili chafu chini ya gari lote. Kaka yangu asema niuze kabla halijanikatikia njiani. Tena kuna kijana anauza kidude cha umeme, eti ukikifunga kwenye betri kutu haiji tena. Mimi gari naliosha kila jioni kwa maji ya kisima cha nyumbani, Kisauni, na usiku nalifunika turubai lisipigwe na umande. Nimekosea wapi? Na pesa yangu niitie wapi?"*

Wa alaykum salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu ina maneno uliyoyapitia mbiombio ambayo kwangu ndiyo yenye habari yote: samaki na barafu, maji ya kisima, turubai. Umeuliza fila na rangi. Itabidi tuanze na chumvi, kisha twende kwenye bisibisi iliyozama, maana hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Kwanza ujue kwamba chuma hakiozi kwa uzee. Ili kutu itokee panahitajika chuma, maji na oksijeni, vyote mahali pamoja. Maji yakigusa bati, sehemu moja ya bati hilo huanza kuyeyuka taratibu na kuachia chembe za umeme, nazo husafiri ndani ya chuma mpaka sehemu nyingine ambako oksijeni huzipokea. Kila doa la kutu ni kama betri ndogo inayojila yenyewe. Maji matamu huupitisha umeme huo kwa shida. Maji ya chumvi huupitisha vizuri mno, na kloridi iliyomo huuvunja hata ule utando mwembamba ambao ungekikinga chuma kidogo. Kutu ikishazaliwa hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huisukuma rangi kwa nje. Huko ndiko kufura unakokuona. Ukiona lengelenge ujue kazi imefanyika chini kwa muda mrefu, na mara nyingi imeanzia upande wa pili wa bati.

Sasa Mombasa ina jambo lake. Watu hudhani gari likikauka basi na chumvi imekauka. Chumvi ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani na kugeuka maji tena hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, na usiku hewa yetu hupita hapo karibu mwaka mzima. Lakini chumvi ya bahari si ile ya mezani peke yake. Imechanganyika na kloridi ya magnesiamu, ambayo hubaki majimaji hata unyevu ukishuka hadi karibu asilimia 33, na hewa ya Pwani kwa kawaida haiwi kavu kiasi hicho. Kwa hivyo chumvi iliyonasa kwenye kona ya bati haikauki, hata jua la Februari likiwaka saa nane mchana. Kesho inua zulia la nyuma ya viti, upitishe kidole kwenye mkunjo ambapo sakafu inakutana na kibanda cha tairi, lile bati lililopinda kulifunika tairi. Nadhani utasikia kitu chenye kunata, na huku mvua haijanyesha.

Hapo ndipo tunafika kwenye samaki. Barafu inapoyeyuka hutoka na damu, ute na chumvi, na wavuvi wengi huwasuuza samaki kwa maji ya bahari kabla ya kuwapakia. Maji hayo yanapomwagika buti huteremka kwenye maungio ya sakafu na kibanda cha tairi. Maungio yale kiwandani yalizibwa kwa gundi maalumu, lakini baada ya miaka karibu 20 ya makreti kuburutwa juu yake, gundi imepasuka. Maji hupenya, hushuka katikati ya bati la ndani na bati la nje, na kutulia mahali pa chini kabisa: upinde wa tairi, na mwisho wa ule mhimili unaopita chini ya milango. Ndipo hasa palipofura kwako. Kwamba ni upande wa kushoto nako si ajabu. Sisi huendesha kushoto, na barabara imejengwa ikiinama kidogo ukingoni ili maji ya mvua yateremke, basi maji ya buti huelekea huko huko safari nzima kutoka Shimoni. Tairi za kushoto pia ndizo zinazokanyaga madimbwi ya kando.

Feri wala usiihofu sana. Ni kweli pale gari linapopanda na kushuka pana maji ya bahari, na bahari ikijaa huwezi kuyakwepa, lakini yale ni matone ya chini yanayosuuzika. Maji yaliyofungiwa ndani ya bati hayasuuziki kwa mpira wa bustani.

Kwa nini basi kutu ilirudi palepale baada ya kupigwa rangi? Upinde wa tairi la nyuma ni mabati mawili yaliyokunjwa pamoja ukingoni. Kiwandani bodi nzima huzamishwa kwenye birika la praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga bati, na kupitishwa umeme, ili praima iingie hadi ndani ya mikunjo na mihimili. Gereji hakuna birika. Fundi wako alikwangua upande wa nje, akaona panang'aa, akajaza fila. Upande wa ndani, ulikozaliwa ugonjwa, haukuguswa. Na fila si kitu cha kuzuia maji. Ni gundi ya poliesta iliyochanganywa na unga wa talki, nayo hunyonya unyevu. Ikiwa nyuma yake pana tundu, huufyonza unyevu na kuushikilia juu ya bati zaidi kuliko vile tundu lingebaki wazi.

Kuna sababu nyingine ambayo wateja hawaijui na mafundi hawapendi kuulizwa. Rangi inapoandaliwa hupigwa msasa wa maji. Maji hayo yalitoka wapi? Gereji nyingi za kwetu hutumia kisima, na visima vingi kisiwani na kandokando ya pwani vina chumvi, kwa sababu maji ya bahari hupenyeza chini ya ardhi. Fundi akisugua bati tupu au fila kwa maji hayo, akapangusa kwa kitambaa na kupiga praima, amefungia chumvi chini ya rangi. Rangi nayo hupitisha unyevu kidogokidogo, hakuna rangi isiyopitisha kabisa. Unyevu ukiikuta chumvi huko chini, malengelenge hutoka hata kama bati lilikwanguliwa likawa jeupe. Sisemi fundi wako alifanya hivyo. Nasema muulize huyu wa sasa kabla hajashika msasa. Fila isuguliwe kikavu, na palipo na haja ya maji yawe matamu.

Na wewe pia, dada, kisima chako cha Kisauni nina shaka nacho. Kijaribu kwa sabuni ya mche: ikikataa kutoa povu na kuacha utando mweupe, au ukiyaonja ukasikia chumvi, basi kila jioni umekuwa ukilipaka gari chumvi kwa nia njema. Bora uoshe mara moja au mbili kwa wiki kwa maji ya mfereji kuliko kila siku kwa maji ya kisima. Najua mfereji wa Mombasa si wa kuaminika. Lakini maji yanayoletwa kutoka Mzima, Baricho au Marere ni matamu, na debe mbili zikitumiwa mahali panapostahili zinatosha: chini ya gari, ndani ya vibanda vya tairi, buti. Paa na boneti vinaweza kungoja. Wakati wa masika kinga maji ya paa kwenye pipa. Ukienda kwa waosha magari wa barabarani, waulize maji yao ni ya wapi. Wengine watakucheka, waache wacheke.

Turubai liondoe leo. Umande hauli gari kama unavyodhani. Huanguka, jua likitoka ukakauka. Turubai la plastiki hufungia chini yake unyevu wa ardhini pamoja na ule wa maji uliyooshea jioni, na asubuhi wewe washaondoka na gari limelala kwenye mvuke usiku kucha. Kama una nafasi, banda la makuti lisilo na kuta, upepo ukipita pande zote, ndilo bora. Huna? Liache wazi, vioo ukivishusha kidogo pale penye usalama ili ndani pakauke.

Jirani yako na oili chafu hajakosea kabisa, na hilo lazima niseme. Mafuta huzuia maji kugusa chuma, na pale yalipo kutu hupunguza mwendo. Shida ni kwamba oili iliyotoka kwenye injini imebeba asidi na masizi ya mwako. Huteremka barabarani baada ya mvua chache, hulainisha mipira ya chini ya gari, na ikidondokea ekzosi hutoa moshi, ikizidi huwaka moto. Mbaya zaidi kwako, siku fundi atakapotaka kuchomelea au kupiga praima, hakuna kitakachoshika. Yapo mafuta ya nta yaliyotengenezwa kwa kazi hii, na hata grisi safi ni afadhali. Nayo hupakwa mwisho, kutu na chumvi vikishaondolewa. Ukiyapaka juu ya chumvi umeifunika tu.

Kidude cha betri usikinunue. Wazo lenyewe ni la kweli mahali pengine: meli zinazotia nanga Kilindini hufungwa vipande vya zinki chini ya maji, zinki ikaliwa badala ya chuma, na nyingine hutumia umeme kwa kusudi hilo hilo. Linafanya kazi kwa sababu meli nzima imezama baharini na umeme una njia ya kupita kutoka kile kipande hadi kila sehemu ya bati. Gari limezungukwa na hewa. Umeme wa kile kidude hauna pa kupita, utabaki kuimaliza betri yako polepole.

Sasa bisibisi. Kama ingezama kwenye upinde wa tairi peke yake ningekuambia ni ubaya wa sura. Lakini umesema chini ya mlango wa nyuma. Probox haina chasisi ya kujitegemea, yaani fremu ya chuma ya kubebea bodi, kama Land Cruiser pikapu. Bodi ndiyo chasisi. Ule mhimili wa chini ya milango ni boksi la chuma linalobeba uzito wa gari na kuzuia lisijikunje likigongwa ubavuni. Ukitoboka, gari haliwezi kukatika katikati kesho kama kaka yako anavyohofu, lakini halina tena nguvu lililotengenezwa nayo. Kutia fila hapo ni kudanganya mkaguzi, na mnunuzi, na wewe mwenyewe unayeliendesha na makreti nyuma. Fundi anayekuambia siku mbili kwa fila kwenye mhimili ule, mshukuru uondoke.

Kabla ya kulipa chochote, gari lipandishwe juu mtu alitazame kwa taa. Nyundo ndogo ndiyo kipimo changu: bati zima hulia sauti kali, bati lililooza husema kwa uzito na kumwaga unga mwekundu. Pagongwe pale jeki inapokaa, pale springi za nyuma zinapoegemea bodi, na pale mikanda ya abiria ilipofungwa. Kisha paipu za breki. Hizo ni nyembamba, ni za chuma, na zinapita chini kulekule kunakorushiwa maji. Paipu iliyokuwa laini ikawa na magamba hubadilishwa siku hiyo hiyo, haisuguliwi. Wengi huhangaikia lengelenge la rangi linaloonekana na jirani, na huku paipu ya breki imebaki unene wa ganda la yai.

Kutu ya juujuu, ile inayokwanguka na bati chini yake likawa gumu, haihitaji kukatwa. Hiyo huenda utaikuta sakafuni kwa wingi. Isuguliwe kwa brashi ya waya, ioshwe kwa maji matamu, isuguliwe tena, ioshwe tena. Brashi huondoa kutu lakini chumvi iliyojificha kwenye vishimo huondoka kwa maji tu, na maji ya moto yana nguvu zaidi. Likaushwe juani. Mabaki mekundu kwenye vishimo yapakwe dawa ya kugeuza kutu. Dawa hizo hasa ni za aina mbili, za asidi ya fosforiki na za tanini, na tanini ni jamaa ya ile iliyomo kwenye magome ya mikoko yaliyokuwa yakisafirishwa zamani kutoka Lamu kwenda kutengenezea ngozi. Huigeuza kutu ikawa tabaka jeusi lililotulia. Haziponyi bati lililooza wala hazipenyi magamba mazito, chupa ikiahidi vipi. Dawa ikishakauka kama chupa inavyoelekeza, ni praima ya epoksi bila kuchelewa. Bati tupu likilala usiku mmoja Mombasa, asubuhi lina rangi ya chungwa na kazi imerudi nyuma.

Upinde na mhimili, hivyo vitakatwa. Mwambie fundi akate mpaka afike kwenye bati safi, hata kama kiraka kitakuwa kikubwa kuliko alivyokuambia mwanzo. Mara nyingi kitakuwa kikubwa, usimshuku kwa hilo peke yake. Kiraka kiwe cha bati la unene wa milimita 0.8 hadi 1. Bati la paa la nyumba ni jembamba mno, nami nimelitoa kwenye magari zaidi ya nilivyopenda. Kuchomelea kwa gesi huchoma eneo kubwa, hulipinda bati na kuunguza kinga ya pembeni. Mashine ya migi, ile ya kuchomelea kwa umeme na waya, ikitumiwa vidoa vidoa na bati likaachwa lipoe, ni afadhali sana kwa bati jembamba. Pale mabati yanapolaliana papakwe praima ya zinki inayostahimili kuchomelewa. Betri ifunguliwe kabla ya moto kuwashwa, zulia na viti vitolewe. Tangi la petroli likiwa karibu na moto lishushwe, na mtu asikwambie ni tupu: mvuke uliobaki ndani ya tangi tupu hulipuka vibaya kuliko petroli iliyojaa.

Omba jambo moja, na ulifanye sharti la malipo: uitwe kuangalia baada ya kuchomelea, kabla fila haijagusa gari. Piga picha. Ukiona tundu, au kipande cha gazeti au wavu uliowekwa ili fila ishike, kazi isimame hapo. Fila ina mahali pake halali, tabaka jembamba juu ya epoksi ili kunyoosha sura, wala haikuumbwa kuwa ukuta. Maungio yote yazibwe kwa gundi ya bodi, ndani na nje. Halafu ndani ya mhimili, kupitia yale matundu yenye vizibo vya mpira, papulizwe mafuta ya nta kwa mpira mrefu mpaka yadondoke chini. Hatua hii haionekani, kwa hiyo ndiyo hurukwa. Ikirukwa, utarudi mwakani.

Siku mbili hazitoshi kwa haya yote. Kazi ya kutu ya juujuu na rangi ipange Januari au Februari, miezi mikavu ya kaskazi, ili praima na nta vikae bila mvua. Masika yakikukuta na bati wazi, fundi ataharakisha, na haraka yake utailipia wewe. Lakini palipotoboka kwenye mhimili pasikusubirishe msimu. Na hesabu yako iingize siku ambazo gari halitakwenda Shimoni.

Buti ndiyo dawa yenyewe, na ni rahisi kuliko yote. Zulia la kitambaa litolewe lisirudi. Samaki wawekwe kwenye makasha ya plastiki yasiyo na matundu, yenye mifuniko, na chini yake trei moja pana yenye ukingo, unayoweza kuitoa na kuimwaga. Mkeka wa mpira ukiutandika moja kwa moja juu ya bati utafungia maji chini yake, usiutegemee. Ukirudi kutoka Kongowea, suuza sakafu ya nyuma kwa ndoo ya maji matamu, ukaushe kwa kitambaa, uache mlango wa nyuma wazi mpaka adhuhuri. Na vile vitundu vidogo ukingoni mwa chini ya milango na ya mhimili, vya kutolea maji, vizibue kwa kijiti cha ufagio kila baada ya wiki chache. Waosha magari huviona ni uchafu na wapiga rangi huviziba. Mlango ukiufungua ukasikia maji yakicheza ndani, vitundu vimeziba.

Kuhusu kuuza, kaka yako ana haki ya kuuliza. Kama nyundo itaonyesha ubovu ni upinde mmoja na kipande cha mhimili, Probox yenye injini nzima inastahili kutengenezwa. Ikiwa mihimili yote miwili imeoza pamoja na mahali springi zinapokaa, pesa ya kuchomelea itapita thamani ya gari, na hapo ni afadhali liuzwe wazi kama gari la kukata vipuri, ubovu wake ukitajwa. Ukinunua jingine lililotoka Japani, litazame chini kwanza. Mikoa ya kaskazini ya nchi ile humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na gari linaweza kushuka bandarini likiwa jipya juu na jekundu chini. Vilevile kipande cha bodi cha kununua dukani kwa vipuri, kiangalie upande wa ndani kabla hujakilipia.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi sitakusaidia, na hayangoji Januari. Kanyagio la breki likishuka zaidi ya kawaida, au ukiona unyevu wa mafuta karibu na tairi, gari lisimame hapo hapo, fundi wa breki alifuate. Mlango wa nyuma ukianza kugoma kufunga, au jeki ikiinua na bati likasagika badala ya gari kunyanyuka, usipakie tena mzigo mpaka litazamwe. Harufu ya petroli, vilevile. Na kama sakafu ya nyuma ina tundu hata dogo, liwekee kiraka cha muda leo na uendeshe vioo vikiwa wazi: moshi wa ekzosi huvutwa ndani kupitia matundu hayo, una gesi isiyo na harufu, na dalili zake ni kichwa kuuma na usingizi ambavyo mtu aliyeamka alfajiri hudhani ni uchovu tu.

Ukishaligongesha nyundo, niandikie palipolia vibaya, na unitumie picha ya pale springi ya kushoto inapoegemea. Fundi yeyote akitaka kukata karibu na hapo, mwambie angoje kwanza gari lishikiliwe kwa nguzo pande zote mbili, la sivyo bodi itakaa upande na milango haitafunga tena sawasawa.